Lindi na Linzi

Nilisikia jina Linzi mara ya kwanza nikiwa kwa kinyozi hapa Lindi, Julai 2025, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja tu. Kwenye runinga watu wenye suti walikuwa wanapiga makofi katika Soko la Hisa la Nairobi. Kinyozi akazima mashine.

"Wamesema Lindi?"

"Wamesema Linzi."

"Ni sisi?"

"Si sisi."

Akawasha mashine tena. Lakini mimi neno hilo lilinikaa. Kwa mtu asiye na digrii na anayeishi kwa kuandika, maneno ndiyo mtaji peke yake, na hapa kulikuwa na maneno mawili yaliyotofautiana herufi moja. Lindi, kwenye kamusi, ni shimo refu sana. Ndiyo maana wanasiasa na wahubiri wanapenda kusema "lindi la umaskini" bila kujua kuna watu ambao hilo ni jina la stendi yao. Linzi, nalo, masikioni linakaa karibu na linda, mlinzi, ulinzi. Shimo upande huu, ulinzi upande ule. Sijui nani aliyechagua jina hilo na sidhani alituwaza.

Linzi ni hatifungani. Shilingi bilioni 44.79, miaka 15, riba ya asilimia 15.04 kwa mwaka, pesa za kujenga uwanja wa Talanta pale Jamhuri, karibu na Ngong Road. Viti 60,000. Mkandarasi ni China Road and Bridge Corporation. Kazi ilizinduliwa Machi 2024, na lengo ni Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 ambalo sisi, Uganda na Tanzania tutaandaa pamoja. Kutoka kwetu unafika kwa miguu: unapanda hadi Makina, unafuata Kibera Drive mpaka Olympic, unapita Ayany, na kreni utaziona kabla hujafika.

Mhariri wa gazeti hili aliniomba uhakiki wa kitabu. Nimemletea uwanja. Naomba asikasirike, kwa sababu uwanja huu una kila kitu tunachotafuta kwenye kitabu: jina lenye maana mbili, mwandishi anayejificha, wasomaji wasiokubaliana, na bei ambayo haikuandikwa kwenye jalada.

Nianze na jina. Sisi tuliokwenda shule baada ya 2000 tunajua talanta kama kipaji: kuimba, kupiga chenga, kuchora. Lakini kabla ya kuwa kipaji talanta ilikuwa pesa, kipimo cha fedha nyingi, na iliingia vichwani mwetu kupitia ule mfano wa Mathayo 25 ambao kila mtoto wa Sande Skul anaujua. Bwana anasafiri, anawaachia watumishi watatu talanta: tano, mbili, moja. Wawili wanazifanyia biashara na kuzizidisha. Wa tatu anaogopa, anachimba shimo, anafukia. Bwana akirudi anamfokea. Sehemu tunayoisahau ni kwamba anamwambia hata kama hakuweza biashara, angeziweka kwa watoa riba, basi angalau angezipata na faida. Kisha ile moja inachukuliwa na kupewa yule mwenye kumi.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huo. Yote yalikuwa yanatuhimiza tusizike vipaji. Sijawahi kusikia moja linalosoma hesabu iliyomo: kwamba mtu mwenye kidogo alinyang'anywa hicho kidogo akapewa mwenye kingi, na kwamba riba ndiyo ilikuwa suluhisho. Sasa tuna uwanja uitwao Talanta unaolipiwa kwa riba ya asilimia 15.04. Nani atasema Biblia haisomwi serikalini? Kulikuwa pia na mpango wao mwingine wa vipaji ulioitwa Talanta Hela. Hapo angalau walitaja zote mbili kwa pumzi moja.

Hesabu yenyewe niliifanya kwenye simu nikisubiri kichwa kiishe. Mwaka wa kwanza, kabla mtaji haujaguswa, riba ya bilioni 44.79 ni kama bilioni 6.7. Gawanya kwa siku 365 upate zaidi ya milioni 18 kwa siku. Ukiweka malipo yaliyo sawa kila mwaka kwa miaka 15, jumla inavuka bilioni 100. Yaani tunajenga uwanja mmoja na kulipia zaidi ya viwili. Kinyozi alisema hiyo ni kama mkopo wa simu. Nikamwambia mkopo wa simu angalau unakutumia meseji.

Na pesa za kulipa zinatoka wapi? Hapa ndipo uhakiki wangu unaacha kuwa wa kisomi. Wanaolipwa ni wawekezaji walionunua hatifungani. Wanalipwa kutoka Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Na hazina hiyo inajazwa na kodi za michezo ya kubahatisha. Kamari. Mkeka. Ile timu moja inayokuangusha dakika ya tisini.

Basi mimi ni mwekezaji.

Mwaka wa pili wa chuo nilikuwa nimeshikilia pesa za karo ya muhula. Sehemu ilikuwa mkopo, sehemu ilikuwa ya mathe, na sehemu ndogo ilitoka kwa mjomba ambaye mpaka leo hajanisamehe. Zilikuwa hazitoshi. Zilipungua kama elfu kumi na mbili, na mtu aliyepungukiwa na elfu kumi na mbili akiwa na simu mkononi ni mtu hatari. Niliweka mkeka wa timu saba. Sita zikaingia. Ya saba ilikuwa inaongoza hadi dakika za nyongeza. Wiki iliyofuata nikajaribu kurudisha zilizopotea, na anayejua mchezo huo anajua inaishaje. Sikufukuzwa chuoni. Niliacha kwenda tu, na hakuna aliyeuliza. Simlaumu mtu kwa hilo, kidole nilichobonyezea ni hiki hiki ninachoandikia.

Lakini nilipomweleza mathe jinsi uwanja unavyolipiwa, alinyamaza kidogo huku akigeuza chapati, kisha akasema, "Kwa hivyo karo yako iko pale?"

Sikuwa na jibu. Kwa namna fulani iko pale. Labda ni bolti moja ya kiti, na hata hiyo ilinunuliwa kwa riba.

Pita Lindi Jumamosi saa nne asubuhi uone. Wanaume wa umri wangu wamekaa nje ya vibanda, simu mkononi, kila mmoja mtaalamu wa ligi daraja la pili la nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani. Kila shilingi wanayoweka, kuna punje yake inayokwenda kwa kampuni na punje nyingine inayokwenda serikalini. Hao ndio wafadhili wa uwanja, kabla ya benki yoyote. Na kitu kinachonisumbua si kwamba serikali inatoza kamari kodi. Itoze, hata iongeze. Kinachonisumbua ni kwamba ukishafunga miaka 15 ya mapato hayo kwenye hatifungani, umejifunga kuhitaji kamari iendelee miaka 15. Siku msichana fulani wa wizarani atakapoandika ripoti kwamba vijana wanaangamia, mtu atafungua droo amwonyeshe Linzi. Hasara yetu imekuwa dhamana.

Isitoshe, hazina hiyo haikuundwa kwa viwanja peke yake. Jina lake lina sanaa, lina maendeleo ya jamii, na afya imo humo. Mimi ni mtu wa sanaa, nina haki ya kuuliza sanaa italishwa nini kwa miaka 15 wakati michezo imeketi mezani peke yake na sahani yake ina riba. Watetezi wanasema huu si mkopo wa kawaida, ni kuuza leo mapato ya kesho. Ndiyo hiyo hiyo. Mbinu kama hii imetumika pia kwenye ushuru wa mafuta wa barabara. Jirani yangu aliyeuza mahindi yangali shambani anaijua vizuri kuliko waziri yeyote.

Nimesema sana upande mmoja. Sasa niwageukie wenzangu, wakosoaji, kwa sababu nao wameandika vibaya.

Tangu 2024, baada ya Juni ile ambayo wengi wetu tulikuwa mjini na wengine hawakurudi, kila mradi wa serikali unapimwa kwa swali moja: hospitali ziko wapi? Ni swali zuri. Vijana wa Moroko walilipeleka barabarani Septemba 2025, baada ya wanawake kufa wakijifungua katika hospitali ya Agadir huku nchi ikijenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2030, na dunia nzima iliwaelewa bila mkalimani. Lakini kwetu swali hilo limekuwa picha. Mtu wa Kilimani anachukua picha ya uwanja, anaweka kando picha ya mtaro wa Kibera, anaandika "vipaumbele", analala vizuri. Mtaro wenyewe huwa ni wetu, unaoelekea Nairobi Dam. Naufahamu. Mara ya mwisho nilimwona kwenye picha hiyo mtoto ninayemjua, akiwa amevaa jezi ya Arsenal, na yule mkosoaji hakuiona jezi.

Ninachokataa ni hoja kwamba mtu asiye na choo hawezi kutaka uwanja. Mtoto yule anataka vyote viwili, na kwa siku nyingi anataka uwanja zaidi. Umaskini wetu umekuwa kama kwaya ya kukodiwa: serikali inatuweka mbele ikisema vijana watainuliwa, wapinzani wanatuweka mbele wakisema vijana wanazama. Hakuna aliyekuja kuuliza bei ya tiketi itakuwa ngapi, matatu za namba gani zitafika pale, au kama timu za mtaa zitaruhusiwa kukanyaga zile nyasi hata siku moja kwa mwezi. Hayo ndiyo maswali ya mpenzi wa mpira.

Ziko hoja bora zaidi kuliko picha ya mtaro. Wachumi wa Marekani, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya hali ya hewa, kwa miaka mingi wamekubaliana kwamba pesa za umma zinazojenga viwanja vya timu za kulipwa hazirudi kwa mji kama zinavyoahidiwa. Kiwanja hakileti pesa mpya nyingi, kinahamisha tu zile ambazo watu wangetumia kwingine. Brazil ilijenga uwanja wa kama viti 40,000 huko Manaus, katikati ya Amazon, kwa mechi nne za 2014, katika mji usio na timu ya kuujaza. Sisi tuna tofauti moja: Nairobi ina timu na ina watu. Lakini ligi yetu ina mechi ambazo mashabiki wangeenea kwenye matatu tatu. Nani atakaa kwenye viti 60,000 Jumatano ya Novemba?

Na tusisahau tulikotoka. Kenya tulipewa Kombe la Afrika la 1996, tukanyang'anywa, likaenda Afrika Kusini. Tulipewa CHAN ya 2018, Septemba 2017 tukanyang'anywa kwa kutojiandaa, ikaenda Moroko. Jubilee walituahidi viwanja vitano kwenye manifesto ya 2013, vikawa utani wa taifa. Mtu akikuahidi kitu mtaani ulikuwa unamjibu tu, "kama vile viwanja." Kwa hivyo nikisema sitaki uwanja nitakuwa mwongo. Nilipoona nguzo za kwanza zikisimama pale Jamhuri nilisimama barabarani nikatabasamu kama mjinga. Kitu kilichoahidiwa kilikuwa kinajengwa kweli! Binamu yangu anafanya mjengo pale, anafunga nondo, na siku anayolipwa nyumba nzima inajua. Nilipomsomea rasimu ya makala hii alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe andika. Mimi nifunge nondo." Nimeiacha sentensi yake humu kwa sababu sijapata ya kuishinda.

Agosti 2025 CHAN ikaja kweli. Kasarani, uwanja wa Michezo ya Afrika ya 1987, ulipigwa rangi tukauita mpya. Siku tuliyowafunga Moroko bao moja, tukiwa na wachezaji kumi, Lindi ililia kama mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya kibanda cha kuonyeshea mpira, ndani hakukuwa na nafasi, na mzee mmoja Mnubi ambaye hunisalimia kwa kichwa tu alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Tulitolewa na Madagascar kwa penalti robo fainali. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imewaahidi wachezaji milioni moja moja kwa kila ushindi. Sikuona wivu. Niliona tu jinsi pesa zinavyoweza kufika haraka zikitaka.

Sasa nije kwenye kiwanja ninachokijua kuliko vyote. Ni kile anachochezea mdogo wangu, kutwa nzima vumbi, mvua ikinyesha ziwa. Magoli ni mbao za mjengo. Kila mwaka kinapungua kidogo: mtu anasogeza mabati usiku, asubuhi kuna nyumba. Mwaka juzi kona ya kushoto ilikwisha kabisa, pale sasa kuna kibanda cha mkaa. Kwa hivyo kona zote zinapigwa kutoka kulia. Mdogo wangu ana miaka kumi na tano, anatumia mguu wa kushoto, na hajawahi kupiga kona kutoka upande ambao kocha mwingine yeyote duniani angempanga. Akienda majaribio nje ya mtaa wanamwona mzito upande huo, wanaandika kitu kwenye karatasi, anarudi.

Hilo ndilo shtaka langu kwa Talanta kama kazi ya sanaa: haina ukurasa wa kwanza. Unaanza na viti 60,000 na hauna mahali ambapo mtu anajifunza kupiga kona. Ardhi ya Kibera ina historia ndefu ya kuandikwa na wengine. Kibra ya Wanubi ilikuwa msitu waliopewa askari wa King's African Rifles wakakae, Laini Saba ni mstari wa kulengea shabaha, na mpaka 2017 ndipo Wanubi walipopewa hati ya ekari 288. Julai 2018 barabara ilipasua katikati ya mtaa, tingatinga zikapita asubuhi juu ya nyumba na shule. Wakati wa barabara ardhi hupatikana. Wakati wa uwanja wa viti 60,000 hupatikana. Ya kona ya kushoto haipatikani. Sehemu ndogo ya riba ya siku moja, milioni moja kati ya zile kumi na nane, ingejenga ukuta, ikaweka magoli ya chuma na kumhamisha mwenye mkaa kwa heshima. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea sufuri.

Halafu jina likabadilika. Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Siku ya Mashujaa rais akatangaza kwamba Talanta utaitwa uwanja wa Raila Odinga.

Hapa kalamu yangu inazidi kuwa nzito. Baba alikuwa mbunge wetu tangu 1992 hadi 2013, wakati Kibera ilikuwa ndani ya Lang'ata. Kuna kijiji hapa Kibera ambacho kimeitwa Raila miaka mingi, na hakuna aliyehitaji tangazo la rais kukipa jina. Alikuwa mtu wa Gor Mahia na mtu wa Arsenal, kwa hivyo alijua kuteseka. Mathe alimlilia siku tatu. Watu walitembea kwenda Kasarani kumwona, na pale kwenye uwanja, wakiwa wamebeba matawi, risasi zikapigwa na baadhi yao wakafa. Uwanja ulikuwa umeshatupatia hilo kabla hatujauita kwa jina lake.

Kama mhakiki, natakiwa kusema kwamba jina jipya ni ujanja mzuri sana. Ni vigumu kupiga kelele juu ya hatifungani yenye jina la marehemu uliyempenda. Nimejaribu kwenye kinyozi, nikaambiwa nimheshimu Baba. Nilisema simzungumzii Baba, nazungumzia asilimia 15.04. Mzee aliyekuwa kwenye kiti akaniambia, bila kugeuka, "Kijana, si hata wewe ulikuwa unabet?"

Ukweli. Nikakaa kimya mpaka zamu yangu.

Jumapili iliyopita nilimchukua mdogo wangu tukatembea mpaka Jamhuri. Hatukuweza kusogea karibu, askari alituonyesha kwa mkono tubaki ng'ambo. Tulisimama pale kama nusu saa tukiangalia mifupa ya chuma. Yeye alikuwa anahesabu kitu kwa kidole. Nilidhani ni kreni.

"Kona ya kushoto itakuwa upande gani?" akaniuliza.

Nikamwambia inategemea unashambulia wapi. Akafikiria. Tukanunua miwa ya ishirini ishirini, tukarudi kwa njia ya Ayany kabla giza halijaingia.